Ramani ya Mvua ya Mtwara Inapokataa: Utatuzi wa Matatizo ya Modeli za Tabianchi za Kikanda

Mtu akifungua matokeo ya modeli ya tabianchi ya dunia na kuitafuta Mtwara, mara nyingi haioni. Modeli nyingi za aina hiyo huigawa dunia katika miraba yenye upande wa kilomita 100 hadi 200, na kwa kuwa Mtwara mjini na Lindi mjini zimeachana kwa takriban kilomita 60 tu ukipima mstari ulionyooka, miji yote miwili huweza kuangukia ndani ya mraba mmoja ambao sehemu yake kubwa ni Bahari ya Hindi. Uwanda wa Makonde, unaozidi mita 700 kwenye ukingo wa Newala, husawazishwa ukabaki mwinuko usio na maana, na bonde la Ruvuma hutoweka kabisa. Kwa sababu hiyo tunaendesha modeli ya kikanda, kama vile WRF au RegCM (majina ya programu mbili za kazi hii), ambayo hupokea upepo, joto, unyevu na mgandamizo wa hewa kutoka modeli ya dunia kwenye mipaka ya eneo tulilochagua, kwa kawaida kila baada ya saa sita, kisha hukokotoa yenyewe yanayotokea ndani kwa gridi ya kilomita 50, 25, 12 au hata 4.

Mwongozo huu nimeupanga kwa dalili, si kwa sehemu za programu. Anayekwama saa nane za usiku haoni sehemu ya programu. Anaona ramani iliyoharibika, na anataka kujua aanzie wapi.

Mahali pa kuanzia ni pamoja, dalili iwe ipi. Modeli ya kikanda ni mtoto anayelishwa na modeli ya dunia, na mtoto akiumwa tumbo huulizwa kwanza amekula nini. Kwa hiyo, kabla ya kugusa skimu yoyote (kanuni ambazo modeli hutumia kukisia mambo madogo kuliko mraba wake) ya mawingu au ya udongo, endesha modeli ile ile, kwa eneo lile lile na mipangilio ile ile, lakini ukiilisha data za uchambuzi rejea kama ERA5, ambazo zimefungwa kwenye vipimo halisi vya angahewa. Kasoro ikibaki pale pale, imo ndani ya modeli ya kikanda au katika namna ulivyoiandaa. Kasoro ikitoweka, ilikuja na chakula. Nimeona watu wakibadilisha skimu ya konveksheni, yaani ya mawingu ya mvua, mara tano kwa miezi miwili, wakitibu upungufu wa mvua uliotokana na modeli ya dunia iliyoweka ukanda wa mvua mbali mno na kusini mwa Tanzania mwezi Januari. Hakuna skimu ya ndani itakayourudisha ukanda huo mahali pake ikiwa upepo unaoingia mipakani umekwisha kuupeleka kwingine.

Modeli inasimama ghafla

Modeli ikisimama katika hatua ya kwanza kabisa, au ikitoa joto lisiloaminika angani tangu mwanzo, usishuku milima. Shuku wima wa data. Modeli nyingi za dunia hazihifadhi data kwa viwango vya mgandamizo, bali kwa viwango mseto vinavyofuata umbo la ardhi karibu na uso wa dunia, na mgandamizo wa kila kiwango unabidi ukokotolewe kwa vigawo viwili. Vigawo hivyo huandikwa kwa mitindo miwili: katika mmoja kigawo cha kwanza tayari kiko katika paskali, katika mwingine kinatakiwa kizidishwe kwanza na mgandamizo rejea, ambao aghalabu ni paskali 100,000. Ukisahau kuzidisha, viwango vya juu vya angahewa vinakaribia ombwe, na modeli haina namna ya kuanza. Soma maelezo yaliyomo ndani ya faili lenyewe, usitegemee skripti uliyoazima kwa mwenzako aliyetumia modeli nyingine.

Modeli ikisimama baada ya saa au siku kadhaa, kisa huwa ni kingine: hatua ya muda ni ndefu kuliko uwezo wa gridi, kiasi kwamba hewa inavuka mraba zaidi ya modeli inavyoweza kufuatilia. Kwa WRF kanuni ya mkononi ni sekunde sita kwa kila kilomita ya gridi, yaani sekunde 72 kwa gridi ya kilomita 12 na sekunde 24 kwa gridi ya kilomita 4. Mahali penye miteremko mikali kanuni hiyo ni ya mtu mwenye matumaini. Kwa kilomita 12 mimi huanza na sekunde 60.

Usipunguze hatua ya muda kabla hujasoma faili za makosa. Tafuta humo neno cfl, ambalo ni onyo kwamba hewa inavuka mraba haraka mno. Karibu nalo utakuta namba za mraba uliolipuka, na namba hizo uzipeleke kwenye ramani. Mara moja nilizipeleka nikakuta zimepangana kama siafu kwenye ukingo wa magharibi wa eneo langu, juu ya safu ya Livingstone, ambayo inasimama zaidi ya mita 1,500 juu ya maji ya Ziwa Nyasa. Nilikuwa nimeukata mpaka palepale, kwa kuwa ramani ilionekana nzuri ikiishia ziwani. Mpakani, milima ya modeli ya dunia na milima ya modeli ya kikanda hailingani hata kidogo, na hewa inayoingia inajikuta chini ya ardhi ambayo haikuijua. Nilipousogeza mpaka hadi ndani ya Zambia, kwenye uwanda ulio shwari zaidi, modeli iliendelea mwaka mzima bila kugusa hatua ya muda. Upande wa mashariki tatizo ni lile lile kwa Madagaska: milima ya Tsaratanana, yenye kilele cha Maromokotro cha mita 2,876, ama iingie ndani kabisa ama ibaki nje kabisa. Na ikiwa miraba inayolipuka iko katikati ya eneo, juu ya mteremko halisi usioweza kukwepwa, hapo ndipo upunguze hatua ya muda, uwashe w_damping, na upandishe epssm kutoka 0.1 hadi 0.3 au zaidi; vyote viwili ni vipengele vya WRF vya kutuliza mwendo wa wima.

Fremu ya mvua kuzunguka ramani

Hili halina maajabu. Pembezoni mwa eneo kuna ukanda ambamo modeli ya kikanda inalazimishwa kukubaliana na modeli ya dunia, na mabishano yao hutoka kama mvua ya uongo. Kata ukanda huo kabla ya kuchora chochote, ongeza miraba mingine kadhaa kwa usalama, na kwa miendesho ya miaka mingi upanue ukanda wa mapatano hadi miraba kumi hivi badala ya mitano ya kawaida. Kama Mtwara yenyewe imeangukia karibu na fremu hiyo, eneo lako ni dogo mno, na hakuna ukataji utakaoliokoa.

Mvua ya Julai na Agosti

Kusini mwa Tanzania tunapata mvua za msimu, zinazoanza Novemba au Desemba na kumalizika Aprili au Mei. Ikiwa jedwali lako linaonyesha Mtwara ikiloa Julai na Agosti na kukauka Januari, jua kwamba latitudo zimepinduliwa. Baadhi ya faili huorodhesha latitudo kutoka kaskazini kwenda kusini na nyingine kutoka kusini kwenda kaskazini, na skripti isiyouliza itakupa digrii 10 kaskazini badala ya digrii 10 kusini. Kwenye longitudo ya 40 mashariki huko ni Ethiopia, pembeni mwa nyanda zake za juu, ambako mvua kubwa hunyesha miezi hiyohiyo. Jedwali linakuwa sahihi kabisa, ila si la kwetu.

Joto la Mtwara halipandi mchana wala halishuki usiku

Joto likizunguka kati ya nyuzi 27 na 28 saa zote, na tofauti ya mchana na usiku ikiwa nyuzi moja au mbili tu, umechukua mraba wa bahari. Amri ya kutafuta mraba ulio karibu zaidi na kituo haijui nchi kavu ni nini. Kwa gridi ya kilomita 25, kituo kilicho pwani kama cha Mtwara kinaweza kuwa karibu zaidi na kitovu cha mraba wa maji kuliko cha mraba wa ardhi. Fungua faili la mgawanyo wa ardhi na maji, uangalie miraba tisa inayokizunguka kituo, kisha uchague kwa mkono ule wa ardhi unaokifaa. Kilwa Masoko ndiko kunakohitaji umakini zaidi, kwa kuwa rasi ile katika gridi ya kilomita 25 huenda isiwe na mraba wake hata mmoja. Ukilazimika kuchukua mraba wa bara zaidi, andika hivyo wazi kwenye jedwali, maana atakayelipokea atadhani umempa Kilwa.

Msimu unakuwa mkavu, na bahari haibadiliki

Dalili hii ina hila kwa sababu inajitokeza polepole. Modeli imeanzishwa Agosti, wakati kusi linavuma na maji ya pwani yetu yako karibu na nyuzi 25 au 26. Oktoba inapita vizuri. Kufika Februari mvua imepungua mno na kaskazi haileti unyevu wa kutosha. Chora joto la uso wa bahari kwa miezi yote. Ukiona mstari umelala, bahari yako imebaki Agosti. Katika WRF kipengele cha sst_update kisipowashwa, joto la bahari la siku ya kwanza hubaki hadi mwisho, kwa kuwa programu hiyo ilizaliwa kwa utabiri wa siku chache ambamo bahari haina muda wa kubadilika. Kuwasha kipengele hicho pekee hakutoshi. Faili la data za chini linalosomwa kila baada ya saa sita nalo lazima liwepo, na tarehe zake zifike hadi mwisho wa mwendesho.

Maziwa yana ugonjwa wa jamaa yake. Modeli ya dunia isipoijua Nyasa, programu ya maandalizi hulipa ziwa hilo joto la bahari iliyo karibu nalo zaidi, kana kwamba maji ya Mbamba Bay na maji ya Mikindani ni mamoja. Tumia wastani wa joto la hewa la eneo badala yake, au modeli ndogo ya ziwa. Kwa Mtwara athari ni ndogo, ila anayefanya kazi ya Ruvuma nzima, kutoka Songea hadi mdomoni, ataiona.

Mvua inaanguka adhuhuri kila siku

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipofundishwa na mtu ambaye hajawahi kuigusa modeli.

Katika kijiji kimoja cha Tandahimba tulikwenda kuwaonyesha wakulima wa korosho na mihogo kazi yetu, nami nikawa nimechora mchoro wa saa za mvua: mstari unapanda kuanzia saa nne asubuhi, unafika kileleni saa saba mchana, unashuka. Mzee mmoja aliyekaa mbele akautazama kwa muda, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hii ni mvua ya wapi?" Nikamjibu ni ya hapa. Akasema, "Ya hapa saa saba bado tunaitazama kule juu inavimba. Inashuka jioni, watoto wameshatoka shule. Na kwa ndugu zetu wa pwani huko Msimbati, inawakuta usiku wamelala." Wenzake wakacheka, nami sikuwa na la kujibu.

Alikuwa sahihi, na kasoro ile inajulikana katika modeli karibu zote zenye gridi kubwa. Mraba wa kilomita 25 hauwezi kuliona wingu moja la mvua, kwa hiyo modeli hukisia mawingu kwa skimu ya konveksheni, na skimu nyingi huamua kwamba mvua inyeshe mara tu ardhi inapopata joto la kutosha, bila kusubiri wingu likue kama linavyokua kweli. Kubadilisha skimu kunaweza kusogeza kilele kwa saa moja au mbili. Tiba ya kweli ni gridi ya kilomita 4 hivi au chini yake, ambamo skimu hiyo huzimwa na modeli ikaachwa ikokotoe mawingu yenyewe. Wataalamu wa Uingereza waliliendesha bara zima la Afrika kwa gridi ya kilomita 4.5, katika kazi iitwayo CP4-Africa, na saa za mvua zilikaribia ukweli zaidi. Gharama yake ni kubwa: ukiigawa gridi kwa tatu, miraba inakuwa tisa mahali pa mmoja na hatua ya muda inapungua mara tatu, yaani kazi inaongezeka takriban mara 27 kabla hujahesabu viwango vya wima na nafasi ya diski. Mwenye kompyuta moja ofisini, na umeme unaokatika, asiahidi miaka thelathini kwa gridi hiyo. Afanye misimu michache aliyoichagua, na ahifadhi faili za kuanzia upya kila siku tano. Mimi nilikuwa nikihifadhi kila mwezi, hadi umeme ulipokatika siku ya 29.

Kama huna uwezo huo, usitoe matokeo ya saa. Toa ya siku au ya mwezi, ambamo kosa la saa linafifia.

Kila mwezi unalingana, kila siku haulingani

Ulinganisho wa miezi ni mzuri, lakini ukishuka kwenye siku uhusiano unaporomoka, hata kwa mwendesho uliolishwa ERA5. Kabla ya kulaumu fizikia, tazama saa. Kipimamvua husomwa saa tatu asubuhi, na saa tatu asubuhi yetu ni saa 06 ya saa za dunia, ambazo modeli hutumia. Siku ya modeli inaanza saa 00, yaani saa tisa za usiku kwetu. Mvua iliyonyesha alfajiri huko Naliendele imo katika siku moja kwenye daftari na katika siku nyingine kwenye faili. Jumlisha mvua ya modeli kutoka 06 hadi 06, kisha umuulize mwenye daftari kama kiasi kilichosomwa asubuhi kinaandikwa kwenye tarehe ya kusoma au tarehe iliyotangulia, kwa sababu nimekuta taratibu zote mbili katika madaftari ya zamani. Anayeandika programu kwa Kiswahili na kusoma saa kwa Kiswahili ana mtego wa ziada, kwa kuwa tofauti ya saa tisa kati ya "saa tisa usiku" na "00" huchanganya hata mwenye uzoefu. Kwenye skripti niandikapo mimi, saa zote ni za dunia, na maelezo ya pembeni ndiyo ya kwetu.

Ukiwa hapohapo hakikisha unajua mvua hiyo imehifadhiwaje. WRF huhifadhi jumla inayolimbikizwa tangu siku ya kwanza, katika vigeu viwili, RAINC na RAINNC, ambavyo hujumlishwa na kisha kila saa ikatolewa katika inayofuata. Ukichora jumla yenyewe unapata Mtwara yenye mvua isiyopungua kamwe. Ukiwa umewasha kipengele cha ndoo cha milimita 100, kila ndoo ikijaa hesabu inarudi nyuma, na asiyeziongeza ndoo zilizojaa atapata mvua hasi ya karibu milimita 100 kwa saa, jambo ambalo angalau linaonekana mara moja. Data za CORDEX, mradi wa kimataifa wa modeli za kikanda, kwa upande wake, ziko katika kilo kwa mita ya mraba kwa sekunde. Zidisha na 86,400 upate milimita kwa siku.

Tarehe 30 Februari

Modeli kadhaa za dunia hazifuati kalenda yetu. HadGEM2-ES ina miezi kumi na miwili ya siku 30 kila mmoja, jumla 360. Nyingine nyingi zina siku 365 kila mwaka na hazina mwaka mrefu. Programu ya maandalizi isipoambiwa, huhesabu siku kutoka tarehe ya mwanzo kwa kalenda ya kawaida, na kila mwaka wa siku 360 unawahisha majira kwa siku tano au sita zaidi. Baada ya miaka kumi mvua za msimu zimehama karibu miezi miwili, na kuna anayeweza kulitangaza hilo kuwa badiliko la tabianchi. Angalia kalenda kwa CDO, programu ya kusoma na kuchakata faili za tabianchi, kabla ya jambo lolote lingine, uendeshe modeli ya kikanda kwa kalenda ya mzazi wake, na uibadilishe mwishoni tu pale mtumiaji anapolazimisha, kwa kuacha mapengo yaonekane badala ya kuyajaza kimyakimya.

"Mbona kimbunga Kenneth hakimo?"

Swali hili huulizwa karibu kila kikao, na wanaouliza wana haki. Kenneth kilipiga Cabo Delgado, ng'ambo tu ya Ruvuma, tarehe 25 Aprili 2019. Watu wa Mtwara walihamishwa na shule zikafungwa, kwa hiyo kila mtu anakikumbuka. Mtu anafungua mwendesho wa modeli ya dunia ulioshushwa hadi kilomita 25, anakwenda Aprili 2019, anakuta bahari shwari, naye anahitimisha kwamba modeli ni mbovu.

Hiyo si kasoro. Modeli ya dunia inayotumika kwa makadirio ya tabianchi haipewi vipimo vya hewa vya kila siku. Hupewa gesi, vumbi, jua na hali ya mwanzo ya zamani sana, kisha huachwa ijiendee. Mwaka wake wa 2019 ni mwaka unaowezekana katika dunia yenye gesi za 2019, si ule tulioupitia. Mwendesho uliolishwa ERA5 ndio unaopaswa kuwa na kitu kama Kenneth katika wiki ile, na usipokuwa nacho, hapo una kesi: angalia kwanza kama eneo lako linafika mashariki ya kutosha, maana Kenneth kilipita kaskazini mwa Madagaska kikija kwetu. Hata kikiwepo, usitarajie ukali wake; jicho la kimbunga ni dogo mno kwa gridi ya kilomita 25, na upepo utakuwa dhaifu kuliko uliopimwa.

Kutokana na hili kuna kosa linalofanywa na hata wanafunzi wazuri, nalo ni kukokotoa uhusiano wa mwaka kwa mwaka kati ya kituo na mwendesho uliolishwa modeli ya dunia, kisha kusikitika kwamba ni sifuri. Sifuri ndiyo jibu linalotarajiwa. Kinacholinganishwa ni tabia ya miaka mingi: wastani, mtawanyiko, urefu wa msimu, idadi ya siku zenye mvua, na mara ngapi vimbunga vinafika latitudo yetu katika miaka thelathini. Hilo la mwisho lina sampuli ndogo sana: tunacho kile kilichoipiga Lindi Aprili 1952, kuna Kenneth kilichopita jirani, na Hidaya cha Mei 2024. Kwa idadi hiyo, modeli isiyokuwa na kimbunga hata kimoja katika miaka kumi haijathibitishwa kuwa na kosa lolote.

El Niño nayo huwasumbua watu kwa namna hiyohiyo. Wanatarajia mvua kubwa, kama inavyokuwa mara nyingi kaskazini mwa nchi wakati wa vuli, na modeli inaonyesha karibu hakuna. Mtwara na Lindi ziko karibu na bawaba, kati ya Afrika Mashariki inayoelekea kuloa na Afrika ya kusini inayoelekea kukauka, kwa hiyo mwitikio dhaifu hapa si dalili ya ugonjwa.

Manyunyu yasiyokoma

Modeli zina tabia ya kunyunyiza kidogo kila siku. Jumla ya mwezi inaweza kuwa sawa, huku siku zenye mvua zikiwa mara mbili ya zilizopimwa na mvua kubwa zikiwa ndogo. Sehemu ya tofauti hiyo ni halali: mraba wa kilomita 25 una kilomita za mraba 625, nao hauwezi kufanana na kopo moja la kipimamvua. Hesabu siku kuwa ya mvua pale tu inapofika milimita moja, na ulinganishe mraba na wastani wa vituo kadhaa, au na CHIRPS (data za mvua zinazounganisha setilaiti na vituo) iliyowekwa kwenye gridi yako kwa njia inayohifadhi jumla ya mvua. CHIRPS yenyewe iitumie kwa siku tano tano au kwa mwezi. Thamani zake za siku zimegawanywa kutoka katika siku tano, si vipimo vya siku.

Manyunyu haya yana madhara makubwa zaidi Juni hadi Agosti, mikorosho inapotoa maua. Anayetengeneza kielelezo cha hatari ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, kwa kutumia unyevu wa modeli atamshauri mkulima kupuliza salfa dhidi ya mvua isiyokuwepo, na salfa ni fedha.

Marekebisho yanaharibu kilichokuwa kizuri

Baada ya yote haya watu hurekebisha takwimu ili zifanane na vituo, na marekebisho yenyewe huzaa dalili mpya. Iliyo ya kawaida zaidi kwetu ni ya Julai. Tuseme kituo kina milimita 2 kwa mwezi na modeli ina 0.1, kigawo ni 20. Modeli ya miaka ya 2050 inapotoa milimita 1.5 kwa bahati tu, marekebisho yanatoa 30, na ripoti inaandika kwamba kiangazi cha Mtwara kitaloa. Wekea kigawo kikomo, au rekebisha kwa msimu badala ya mwezi.

Dalili ya pili ni siku ambayo joto la juu liko chini ya joto la chini, kwa kuwa kila moja lilirekebishwa peke yake. Rekebisha wastani na tofauti kati yao, kisha uyajenge upya yote mawili.

Mzazi anasema mvua itaongezeka, mtoto anasema itapungua

Kwanza rudia ukaguzi wa kalenda, bahari na latitudo. Tupa pia miezi ya mwanzo ya kila mwendesho, mwaka mzima ikiwezekana, kwa sababu udongo ulioanza mkavu kupita kiasi huchukua muda mrefu kupata unyevu wake halali, na ukiingiza miezi hiyo katika kipindi cha sasa pekee unatengeneza ongezeko la bandia. Kisha chora tofauti hiyo kwenye ramani. Ikiwa imefuata umbo la ardhi, kwa mfano pwani inakauka lakini mteremko wa Makonde unaotazama bahari unaloa, modeli ya kikanda huenda inaona jambo ambalo mzazi hana macho ya kuliona. Ikiwa imetapakaa eneo zima bila kujali mlima wala bonde, na inakatika ghafla mpakani, mtoto amejitenga na mzazi, na eneo lako pengine ni kubwa kiasi kwamba upepo wa ndani umejitawala; jaribu kuufunga kidogo upepo wa juu kwa mzazi wake, huku chini ukiuacha huru.

Yakibaki yanapingana hata baada ya hayo, usichukue wastani wao. Jedwali la Newala tulilolikabidhi kwa mipango ya maji lina safu mbili za Desemba hadi Februari, moja yenye alama ya kuongeza na nyingine ya kutoa, na kwenye nafasi ya chini tuliandika jina la kila modeli ya dunia iliyolisha kila safu.